FANANI MBELE YA KIOO: Kukuza Hadhira ya Idhaa ya Michezo ya Video Inayorushwa Moja kwa Moja, kwa Mifano ya Masisi na Walikale

0. UTANGULIZI

Huenda msomaji akastaajabu kuona jarida la taaluma za Kiswahili likijishughulisha na michezo ya video. Hayo, atasema, ni mambo ya watoto, na chuo kikuu kina kazi nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala hili limo ndani kabisa ya uwanja wetu. Kijana anayecheza mchezo wa video mbele ya watu asiowaona, huku akiwasimulia analolifanya, ni fanani. Watu wale ni hadhira. Na swali linalomsumbua kila jioni, yaani atawapataje watu wa kumtazama, na wakija atawawekaje wasiondoke, ni swali lile lile walilokuwa nalo watambaji wa hadithi kabla ya kuja kwa umeme.

Kilichonisukuma kuandika ni mazungumzo. Mwaka 2024, mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa wilaya ya Walikale, alinijia akiwa na simu mkononi. Alikuwa amefungua idhaa yake kwenye mtandao miezi mitatu kabla ya hapo. Alicheza mchezo wa mpira wa simu kila alipopata umeme, na pembeni mwa kioo alionyeshwa idadi ya watazamaji wake. “Mwalimu,” akaniambia, “wako wawili. Mmoja ni mdogo wangu, na wa pili ni simu yangu nyingine.” Tulicheka sote, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Alicheza vizuri kuliko wengi. Kwa nini basi hapakuwa na mtu?

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno, na tena halikuwa sahihi: nilimwambia aongeze bidii na awe mvumilivu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa. Tutaeleza kwanza idhaa ya michezo ni nini na kwa nini idhaa mpya hukaa bila watu; kisha tutarudi Walikale kwa mtambaji wa Kinyanga ambaye mbinu zake zinafaa hata leo; halafu tutatazama gharama, mbinu za kazi, suala la lugha, na mwisho suala la usalama, ambalo katika nchi yetu haliwezi kuachwa nje.

1. IDHAA YA MICHEZO NA UGUMU WA MWANZO

Kwa maneno “idhaa ya michezo” tunamaanisha ukurasa wa mtu kwenye mtandao ambapo picha ya mchezo anaoucheza, pamoja na sauti yake na mara nyingi uso wake, hurushwa wakati huo huo anapocheza, na watazamaji huweza kumwandikia maneno papo hapo. Jukwaa lililoeneza desturi hii ni Twitch, lililozaliwa mwezi Juni 2011 kutokana na tovuti ya Justin.tv iliyoanza mwaka 2007. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon ililinunua kwa dola za Marekani zipatazo milioni 970. YouTube, Facebook na TikTok nazo zina njia zao za kurusha moja kwa moja. Michezo inayochezwa sana kwenye simu za bei nafuu, kama Free Fire ya Garena (2017), PUBG Mobile (2018) na eFootball ya Konami, ndiyo inayojulikana zaidi kwa vijana wetu, kwa sababu haihitaji mashine nyingine zaidi ya simu.

Ugumu wa mwanzo una sababu inayoeleweka. Katika jukwaa kama Twitch, idhaa za mchezo mmoja huorodheshwa kwa kawaida kuanzia ile yenye watazamaji wengi hadi ile isiyo na mtu. Mgeni anayetafuta cha kutazama huanza juu, na mara nyingi huishia hapo hapo juu. Kwa hiyo aliye nacho huongezewa, na mwenye watazamaji wawili hubaki chini kabisa ya orodha ndefu ambayo hakuna anayeifikia. Kosa la mwanafunzi wangu, na kosa la jibu langu, lilikuwa kudhani kwamba saa nyingi za kurusha zingemvutia mtu. Saa nyingi chini ya orodha ni sawa na kuimba ndani ya nyumba iliyofungwa mlango. Hadhira ya idhaa changa haizaliwi ndani ya jukwaa lenyewe. Huzaliwa nje, kisha huletwa ndani.

Hata hivyo, jambo moja laweza kumpa moyo anayeanza. Mwaka 2017 Twitch ilipoweka ngazi ya kwanza ya washirika wake, yaani wanaoruhusiwa kupata pesa, masharti yalikuwa haya: wafuasi 50 na, ndani ya siku 30, kurusha kwa jumla ya dakika 500, katika siku 7 tofauti, na wastani wa watazamaji 3. Msomaji azingatie tarakimu hiyo ya mwisho. Jukwaa kubwa kuliko yote lilikubali kwamba watu watatu wanaokaa na kusikiliza ni hadhira. Mwenye watatu asione haya.

Pia majukwaa hufa. Mixer, mali ya Microsoft, lilifungwa mwezi Julai 2020, na programu ya Facebook iliyotengwa kwa ajili ya michezo ikafungwa mwezi Oktoba 2022. Aliyekuwa ameweka watu wake wote mahali pamoja ilimbidi kuwatafuta upya. Funzo lake ni kwamba fanani awajue watu wake kwa majina na kwa njia nyingine ya kuwafikia, kwa mfano kundi la WhatsApp, badala ya kuutegemea mlango mmoja ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

2. SHEKARISI NA HADHIRA YAKE

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese kwa Wanyanga, katika eneo la Walikale, mtaalamu wa elimu ya watu Daniel Biebuyck alimsikiliza mtambaji aliyeitwa Candi Rureke akisimulia utendi wa Mwindo. Kazi ile ilichukua siku kumi na mbili. Utendi huo ulichapishwa mwaka 1969, katika Kinyanga na kwa tafsiri ya Kiingereza, na mwenzake Biebuyck katika kazi hiyo alikuwa Kahombo Mateene, mwanaisimu na mzawa wa Wanyanga, ambaye baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wengi wetu tumeusoma utendi huo kama kitabu. Kwa makala haya tunahitaji kuukumbuka kama tukio.

Wanyanga humwita mtambaji wa tendi shekarisi. Shekarisi hakukaa kitini akasoma. Aliimba, akasimulia, akacheza ngoma na kuigiza, mkononi akiwa na kayamba ya kibuyu na miguuni njuga. Wasaidizi wake walipiga mdundo kwenye kipande cha mti. Waliohudhuria waliitikia viitikio, wakatia maneno yao, wakampongeza, na wakampa zawadi. Naye hakuona vibaya kukatiza kisa kidogo ili akumbushe kwamba koo limekauka au kwamba mkarimu fulani ametoa kitu, kisha akarudi pale alipoachia. Aliyeingia kwa kuchelewa hakupotea, kwa sababu shekarisi alirudia rudia mambo makuu ya kisa kabla ya kuendelea.

Msomaji aliyewahi kutazama idhaa nzuri ya michezo ataona kwamba viungo vyote vimo: mtendaji anayesema huku akitenda, wasaidizi, hadhira inayojibu, zawadi zinazotolewa katikati ya tendo na kutajwa hadharani, na marudio kwa ajili ya wanaoingia. Kuna zaidi. Ndani ya utendi wenyewe umo mchezo. Mwindo anapomfuatia baba yake Shemwindo kuzimu, hukutana na Sheburungu, nao hucheza wiki, mchezo wa kubahatisha. Mwindo hupoteza mali yake yote. Mwishoni huweka kitu cha mwisho alichobaki nacho, conga, yaani usinga wake wenye nguvu, na hapo bahati hugeuka akashinda kila kitu. Mbele ya hadhira ya Bese, basi, shekarisi alikuwa mtangazaji wa mchezo. Wasikilizaji wake hawakuwa na kete mikononi, na bado walikaa. Kilichowashika kilikuwa hofu kwamba Mwindo atabaki mikono mitupu. Ustadi wa kutupa kete haukutajwa sana.

Hapa ndipo jibu la swali la mwanafunzi wangu lilipo. Alikuwa akicheza vizuri, lakini alicheza kimya. Mtazamaji aliona magoli, lakini hakujua ni nini kinachoweza kupotea.

Tusidhani kwamba shekarisi yuko peke yake. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alipata sifa kwa kutia maneno ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Huko Kampala wasimulizi wa namna hiyo, kama VJ Jingo, wamefanya kazi hiyo kwa Kiganda, na Kenya DJ Afro ameifanya kwa Kiswahili. Filamu ilikuwa ile ile mjini kote. Watu walikwenda pale palipokuwa na msimulizi wanayempenda. Hispania nayo yatupa mfano. Ibai Llanos alianza kama mtangazaji wa mashindano ya michezo ya video, kwa Kihispania, kabla ya kuwa na idhaa yake. Mwaka 2023 tamasha lake la ngumi lilitazamwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa wakati mmoja. Alikuja mbele ya watu kwa ulimi kabla ya kuja kwa vidole.

3. GHARAMA YA KUWA HADHIRA

Hadhira ya Bese ililipa kwa muda wake na kwa zawadi zake. Hadhira ya mtandao hulipa kwa mega. Ushauri mwingi unaotolewa Ulaya na Marekani husahau jambo hili, kwa sababu huko mtazamaji hahesabu.

Tufanye hesabu. Picha ya kadiri inayorushwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde humla mtazamaji megabaiti 450 kwa saa. Picha nzuri ya megabiti 3 kwa sekunde humla megabaiti 1,350, yaani zaidi ya gigabaiti moja. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 30. Mtu wa Masisi anayenunua mega kwa siku hawezi kukaa saa mbili kwenye idhaa ya mtu yeyote, hata awe ndugu yake. Kutokuja kwake hakumaanishi kwamba hapendi.

Kutokana na hesabu hiyo yafaa kuigawa hadhira ya fanani wa Masisi au Walikale katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni hadhira ya chumbani: vijana wanaokaa naye kwenye benchi la kibanda chenye paneli ya jua au jenereta. Hawa hawalipi mega, lakini sauti zao ni mali. Kelele ya watu kumi halisi wanaposhangilia goli humfanya msikilizaji wa mbali atake kuwa hapo. Anayewafukuza ili apate utulivu amejinyima viitikio vyake mwenyewe.

Fungu la pili ni hadhira ya karibu, yaani watu wa Kivu wenye simu na mega chache. Hawa wasitegemewe kwa saa nzima. Wapewe vipande vifupi vya dakika moja au mbili, vilivyopunguzwa uzito, vinavyoweza kupokewa mara moja na kupitishwa kwa wengine kwenye WhatsApp.

Fungu la tatu ni hadhira ya mbali: watu wetu walioko Nairobi, Kampala, Bujumbura, Brussels au Montréal, wenye mtandao wa kutosha. Hawa ndio wanaoweza kukaa saa nzima, na ndio wenye uwezo wa kutoa zawadi. Lakini hawaji kwa sababu ya mchezo. Mchezo huo huo wanaupata kwa wachezaji bora wa dunia. Huja kusikia Kiswahili cha kwao na jina la kijiji chao.

Mpango mzuri huyatumia mafungu yote matatu: chumba hutoa uhai, kipande kifupi hueneza jina, na saa ya kurusha huwakusanya wa mbali.

4. MBINU ZA KUKUZA HADHIRA

4.1 Siku na saa maalumu

Hakuna anayetangaza siku ya soko kijijini. Watu huijua, nao huja. Idhaa inayorushwa “umeme ukipatikana” ni soko lisilo na siku. Ni afadhali kurusha mara mbili kwa juma, kila mara saa ile ile, kuliko kila siku bila mpango. Umeme ukiwa wa mashaka, betri ijazwe kwa ajili ya siku hizo mbili tu. Siku mambo yakishindikana, ujumbe upelekwe kwenye kundi kabla ya saa kufika. Anayengoja bure mara mbili hatangoja mara ya tatu.

4.2 Sauti kabla ya picha

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini havumilii sauti inayokwaruza. Vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti kidogo vinatosha, vikikaa karibu na mdomo. Katika milima ya Masisi mvua juu ya mabati humeza kila neno, hivyo chumba chenye dari au pazia zito kitafutwe kabla ya kutafuta simu mpya.

4.3 Kusema mfululizo na kueleza kinachoweza kupotea

Fanani aseme hata akionyeshwa sifuri. Mtu akichungulia kwa sekunde kumi na kukuta kimya, huondoka, na fanani hatajua kwamba alikuwapo. Nilimshauri mwanafunzi wangu aifunike ile idadi kwa kipande cha karatasi, naye akafanya hivyo. Aidha, kila baada ya dakika kumi arudie hali ya mchezo kama shekarisi: tunacheza na nani, tumefungwa ngapi, tukishindwa tunapoteza nini. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa miongoni mwa watangazaji mashuhuri wa mpira wa Kiswahili katika redio ya Kenya, na kazi hiyo aliifanya kwa watu wasioona uwanja kabisa. Mtangazaji wa redio hana budi kuujenga uwanja kwa maneno. Anayeweza kusikilizwa bila kutazamwa atawafaa pia wale wanaofunika kioo ili kupunguza matumizi.

4.4 Kutaja majina na kujibu

Maneno ya mtazamaji huchelewa sekunde kadhaa kumfikia fanani, na jibu nalo huchelewa kurudi. Kwa hiyo swali liulizwe, mchezo uendelee, kisha majibu yasomwe kwa sauti pamoja na jina la mwandishi. Anayetajwa leo hurudi kesho. Fanani akiwa peke yake hawezi kucheza, kusoma na kujibu kwa pamoja. Ahitaji msaidizi wa kumsomea, kama wale wapiga mdundo wa shekarisi.

4.5 Kwenda kwenye hadhira ya mwingine

Idhaa mbili ndogo zikicheza zenyewe kwa zenyewe, watu wa huku huwajua wa kule. Kijana wa Walikale akimkaribisha mwenzake wa Bunia au wa Kigoma, kila mmoja ameuza nje mara moja. Mashindano madogo kati ya vibanda viwili hufanya kazi hiyo hiyo: kila mchezaji huleta ndugu na marafiki zake.

4.6 Zawadi

Kuomba si aibu iwapo kunafanywa kwa adabu ya shekarisi: kwa kifupi, kwa uchangamfu, pamoja na kumshukuru mtoaji kwa jina analotaka litajwe, kisha kurudi kwenye kisa. Malipo ya majukwaa huwa na masharti mengi, lakini nchini Kongo pesa za simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, zimezoeleka. Zawadi isije kabla ya kazi. Idhaa inayoomba katika juma lake la kwanza huua hadhira yake changa.

5. KISWAHILI KIPI?

Mwanafunzi wangu alikuwa akizungumza Kifaransa kwenye idhaa yake, akidhani kwamba ndicho kitakachomletea watu. Alipobadili, akawa na wasiwasi mwingine: Kiswahili chake si kile cha vitabu.

Masisi na Walikale ni wilaya za lugha nyingi: Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo, Kikumu, Kirega na nyinginezo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na katika Kivu ndicho kinachounganisha soko, barabara na kambi. Lakini Kiswahili hicho husema batoto banacheza mahali ambapo Kiswahili sanifu husema watoto wanacheza, na iko muzuri mahali pa ni mzuri. Je, fanani ajirekebishe?

Maoni yetu ni haya. Msingi wa usimulizi uwe lugha anayoizungumza bila kufikiri, kwa sababu anayetafuta viambishi hawezi kutafuta goli. Hadhira ya mbali hasa huja kwa ajili ya sauti ile ya nyumbani. Hata hivyo istilahi za mchezo zifuate Kiswahili kinachoeleweka kutoka Walikale hadi Mombasa: kona, penalti, kuotea, kiungo, mlinda mlango, mpira wa adhabu, chenga, kanzu. Redio imekwisha kuyaeneza maneno hayo. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa Kiswahili miongoni mwa lugha zake, hivyo masikio ya wasikilizaji wetu yamezoea aina zote mbili. Neno gumu lisemwe mara mbili, kwanza kwa namna ya hapa, kisha kwa namna ya kule. Marudio hayo hayamchoshi msikilizaji. Shekarisi aliishi kwayo.

Michezo ya kupigana kwa silaha ina shida yake. Maneno yake mengi ni ya Kiingereza, na vijana wameanza kuyatafutia Kiswahili wenyewe, bila kamati. Hapo pana kazi ya kitaaluma: wanafunzi wetu wangekusanya maneno hayo sasa, yangali yanazaliwa.

6. USALAMA NA AMANI

Hatuwezi kuandika kuhusu Masisi na Walikale kana kwamba ni mahali popote. Masisi-centre ilitekwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, na Walikale-centre ikatekwa mwezi Machi kabla ya wapiganaji kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya hapo, mwaka 1993, mauaji ya kikabila yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalikuwa yameenea hadi Masisi. Kwa hiyo yafuatayo yachukuliwe kuwa sehemu ya kazi, kama betri na sauti.

Kwanza, kurusha moja kwa moja ni kusema “niko hapa sasa hivi”. Kamera isielekezwe dirishani, barabarani wala mlimani. Jina la mtaa lisitajwe, na kitambulisho cha mahali kizimwe kwenye simu. Vipande vifupi vinavyotumwa kesho yake ni salama kuliko picha ya papo hapo. Siku milio ikisikika, fanani afunge. Asieleze anachokisikia, maana msikilizaji hajulikani.

Pili, mchezo wa silaha usihusishwe na vita vya kweli. Timu zisipewe majina ya makundi, na adui wa kwenye kioo asiitwe kwa jina la kabila, hata kwa utani. Utani wa namna hiyo huanza na wawili na kumalizikia mbali.

Tatu, maandishi ya watazamaji yachungwe. Msaidizi awe na ruhusa ya kufuta neno la chuki bila kuuliza, na sheria hiyo itangazwe mwanzoni kila mara. Kiswahili kinasaidia hapa: kwa kuwa si lugha ya kabila lolote kati ya yale yanayogombana, kila mmoja huingia akiwa mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Fanani anayeichunga lugha yake anachunga pia mahali pa watu kukutana.

Msomaji asilione jambo hili kuwa dogo. Koltani ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, hutoa madini ya tantali, na tantali hutumika katika simu na katika mashine za michezo. Kasiteriti ya Bisie, katika wilaya ya Walikale, hutoa bati linalotumika kulehemu vifaa hivyo hivyo. Wilaya hizi mbili zimo ndani ya kila mchezo unaochezwa duniani, lakini sauti zao hazisikiki humo. Mwaka 2000, mwaka ule ule PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya tantali ilipanda ghafla mno, na vijana wengi wa Kivu wakaacha shule wakaenda machimboni. Kijana anayeisimulia michezo hiyo kwa Kiswahili cha kwao hawezi kulirekebisha hilo peke yake. Anaweza angalau kusikika.

7. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadhira ya idhaa ya michezo haikui kwa saa nyingi wala kwa ustadi wa vidole peke yake. Hukua kwa siku maalumu, sauti inayosikika, kisa chenye jambo la kupotea, majina yanayotajwa, vipande vyepesi vinavyoheshimu mega za watu, na lugha ya nyumbani inayotumiwa bila woga. Mambo hayo yote shekarisi aliyajua, na twaweza kuyafundisha katika somo la fasihi simulizi bila kununua kitabu kipya.

Mwanafunzi niliyemtaja aliendelea. Baada ya matukio ya mwaka 2025 watu wa kijiji chake walitawanyika, wengine Kisangani, wengine Uganda, wengine Burundi. Mara ya mwisho tulipozungumza, idhaa yake ilikuwa na watu kumi na wanane, mara mbili kwa juma. Si wengi. Lakini aliniambia kwamba katikati ya mechi moja mama mmoja aliandika kuuliza kama kuna mtu aliyemwona mwanawe. Mwanafunzi aliusimamisha mchezo, akalisoma swali kwa sauti mara tatu, bila kutaja mahali, kisha msaidizi akamwandikia mama huyo pembeni. Mtu mmoja kati ya wale kumi na wanane alikuwa amemwona.

Wenzangu walimu na wanafunzi: tukiulizwa tena hadhira ni nini, tusianzie kwenye tarakimu.